Mkwaju wa Kwa Chilongani

Kilichomleta Aneth Chiwanga mjini Dodoma, mtaa wa Kizota, akiwa na miaka ishirini na mitatu, ni masufuria. Aliweka jiko lake pembeni ya karakana za mbao, akawa anawapikia mafundi ugali wa uwele na mlenda, na Jumamosi nyama kidogo. Wateja wake walikaa kwenye benchi moja refu alilolikuta hapo. Siku moja, katikati ya chakula cha mchana, benchi lile likavunjika mguu. Mafundi watatu walianguka na mabakuli yao, wakacheka, wakamalizia kula wakiwa wamesimama, wakarudi kazini. Karakana tano zilikuwa zimelizunguka benchi lile na hakuna aliyekumbuka kulitengeneza.

Aneth aliazima patasi moja iliyochoka na nyundo, akachonga ulimi kwenye mguu mpya, akatoboa tundu kwenye ubao, akapigilia. Alifanya vile alivyokuwa akiona kila siku wakati anasubiri maji yachemke. Benchi likasimama.

Siku ya nne, Mzee Khalidi, fundi Mrangi kutoka Kondoa ambaye mtaa mzima wa maseremala uliliogopa jicho lake, aliinama kuokota kijiko akakiona kile kiungo kwa chini. Akachuchumaa pale, akapitisha kucha ya kidole gumba pale ulimi ulipoingia kwenye tundu. Kucha haikupata pa kuingia.

"Nani amekutengenezea benchi?" aliuliza.

"Nimelitengeneza mwenyewe, mzee."

"Nani alikufundisha?"

"Nyinyi. Nilikuwa nawaangalia."

Mzee Khalidi alimaliza chakula chake. Alipokuwa akinawa mikono alisema, bila kumtazama, "Tafuta mtu wa kukaa hapa jikoni. Kesho uje kwangu asubuhi."

Hivyo ndivyo mama lishe alivyogeuka fundi. Alikaa kwa Mzee Khalidi miaka tisa, kisha akaanzisha karakana yake nyuma ya nyumba, palepale Kizota: mabati sita juu ya nguzo za mkaratusi, meza ya kazi, na ukuta uliotundikwa misumeno na randa. Mumewe Gerson, baada ya kustaafu reli, akawa mkono wake wa pili. Mji ulikuwa unapanuka kila upande, watu wanahamia, nyumba zinaota Nala na Ihumwa kama uyoga, na kila nyumba ilihitaji vitanda, milango na makabati. Aneth hakukosa kazi. Lakini kwa muda mrefu, kama alivyokuja kukiri baadaye, mbao kwake zilikuwa ni futi na inchi. Zilikuja kwa lori, zikapimwa, zikakatwa, zikaondoka zikiwa na umbo jingine. Hakujiuliza zaidi ya hapo.

Basi mwaka ule ambao mvua zilikatika mapema, mwezi wa Septemba, lori lilisimama mbele ya geti lake. Kwenye bodi lilibeba gogo moja tu. Alishuka mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mrefu, ngozi ya mikono imekakamaa kwa kuvuta nyavu, akavua kofia.

"Mbukwenyi," alisalimu kwa Kigogo, na Aneth akaitikia. "Naitwa Lameck Chilongani. Natokea Mtera. Nimeambiwa hapa kuna mama anayetengeneza meza zisizoyumba."

Aneth alilitazama gogo. Lilikuwa la kijivu, lenye mashimo, tope limekauka kwenye mikunjo yake, na lilinuka kama kisima kilichoachwa. Urefu wake ulizidi mita tatu, na unene wake watu wawili wangeshikana mikono kulizunguka.

"Baba, hili ni la kuni," alisema kwa upole. "Na hata kuni sijui kama litawaka."

"Ni mkwaju," Lameck alijibu. "Ulikuwa uani kwetu."

Akamweleza. Kabla ya bwawa la Mtera kujazwa, familia yao ilikaa bondeni, mahali ambapo sasa ni maji matupu. Walipohamishwa, Lameck alikuwa na miaka sita. Walibeba mahindi, mifugo, mawe ya kusagia na milango. Nyumba na miti vilibaki, maji yakaja taratibu yakavifunika. Alipokuwa mtu mzima akawa mvuvi juu ya maji hayohayo. Kuna sehemu moja ambapo nyavu zilichanika kila mwaka, zikinasa kwenye kitu kilichosimama chini. Wavuvi wote waliijua na kuikwepa. Waliiita Kwa Chilongani.

"Wengi wao ni vijana, wametoka mbali, wengine hata si Wagogo," Lameck alisema. "Hawajui Chilongani ni nani. Wanadhani chini kuna mwamba, na hilo ndilo jina lake. Mimi nilikuwa nawaacha. Ningewaambiaje kwamba ni baba yangu, na kwamba hapo ndipo tulipokuwa tunalala?"

Mwaka huu maji yalipungua kuliko kawaida, na kile kilichokuwa kinachana nyavu kikachomoza. Lameck alikwenda na mtumbwi akakishika kwa mkono. Akautambua kwa jinsi shina lilivyogawanyika mara mbili juu. Alihangaika miezi miwili kupata kibali cha kijiji na cha watu wa maliasili, akaukata chini kabisa kwenye tope, akauvuta kwa kamba na ng'ombe wanane mpaka nchi kavu.

"Tumezaliwa saba, tumebaki watano," alisema. "Nataka meza. Tukikutana tule wote mahali pamoja."

Aneth hakukubali wala hakukataa. Aliomba gogo libaki mpaka amlete mtu wa kulitazama.

Mzee Khalidi alikuwa ameacha kazi kwa sababu mikono ilianza kutetemeka, lakini alipoambiwa kuhusu mti uliokaa majini miaka arobaini na kitu alivaa kanzu safi akapanda bajaji. Aneth alimpokea getini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Liko wapi?"

Aliomba nyundo. Alianza kugonga kichwani mwa gogo, akasogea hatua moja, akagonga, akatega sikio, akasogea. Sehemu za juu, zile zilizokuwa zimechomoza juani maji yalipopungua, zilitoa mlio mchovu kama debe lililojaa mchanga. Alipofika kwenye kitako cha gogo, kule kulikokuwa kwenye tope, mlio ulibadilika. Ukawa mkavu na wa juu, kama wa mawe mawili yanayogongana. Mzee akagonga tena palepale. Kisha akampa Aneth nyundo, na yeye akagonga, akahisi mlio ule unapanda mpaka kwenye kiwiko.

"Subhanallah," Mzee Khalidi alisema polepole. "Nje umekufa. Ndani haujajua kama ulikatwa."

Akampa maagizo. Mti uliozoea maji ukiachwa kwenye upepo wa Dodoma utapasuka kama chungu. Azibe ncha zote mbili kwa samadi na majivu. Alifunike gogo kwa magunia na kuyamwagia maji asubuhi na jioni. Na asisubiri likauke ndipo alipasue, maana likikauka hakuna chuma kitakachoingia.

Tatizo lilikuwa hapo kwenye kupasua. Mwenye mashine ya kupasulia mbao alikuja, akakwangua gogo kwa kisu, akaonyesha mchanga uliojishindilia kwenye mikunjo ya gamba. Msumeno wake ungekufa kwa dakika tano, alisema, na akaondoka. Wa pili alisema hivyohivyo. Gerson akapendekeza wamrudishie Lameck gogo lake kwa heshima. Ni Mzee Khalidi aliyekumbuka kwamba ujana wake wote, kwenye vilima vya Kondoa, hakuwahi kuona mashine. Walipasua kwa shimo.

Basi wakachimba shimo uani, urefu wa mtu, wakalaza gogo juu yake kwenye magogo mengine. Msumeno mrefu wenye mikono miwili ulitoka Kondoa, kwa shemeji yake mzee, ukiwa umefungwa kwenye kanga. Mzee aliunoa kwa tupa siku nzima, mikono ikitetemeka, na Aneth aliona kwamba kila tupa ilipogusa jino la msumeno, mtetemo ulikoma. Kisha akachora mstari kwa uzi uliochovywa kwenye masizi. Aneth akasimama juu ya gogo, Gerson akaingia shimoni, wakaanza. Lameck alipanda basi kila Jumatatu kutoka Mtera kuja kupokezana na Gerson, akarudi Ijumaa.

Siku ya kwanza walikwenda upana wa kiganja. Unga wa mbao ulioanguka ulikuwa wa kijivu, na Gerson alitoka shimoni akiwa kama mtu aliyeoga majivu. Siku ya tatu, karibu saa nne asubuhi, Aneth alihisi mumewe ameacha kuvuta kule chini. Msumeno ukasimama.

"Kuna nini?" aliuliza.

"Shuka uone."

Unga uliokuwa ukimwangukia Gerson ulikuwa umebadilika rangi. Ulikuwa wa zambarau iliyoiva, kama mvinyo wa zabibu wa Hombolo, na ulikuwa mbichi. Harufu yake ilikuwa ya ukwaju. Miaka arobaini chini ya maji, na bado ilikuwa harufu ileile ambayo Aneth aliijua tangu utotoni, ya uji wa ukwaju na ganzi kwenye meno. Alichota unga ule akaushika kwenye kiganja.  Walikaa wawili shimoni kama watu waliokuta nyumba ya mtu ikiwa wazi na hawajui kama wabishe hodi.

Siku ya saba msumeno ulipiga kelele mbaya na meno mawili yakaruka. Aneth aliingiza kabari, akapanua mpasuko, akamulika kwa tochi ya simu. Ndani kabisa, kiganja kizima kutoka kwenye gamba, kulikuwa na chuma. Hakikuwa msumari. Kilikuwa kipande kinene, kilichonyooka kisha kikapinda, na mti ulikuwa umekimeza chote bila kuacha alama yoyote nje.

Iliwachukua siku nne nyingine kumaliza, wakikizunguka chuma kile kwa patasi. Siku ya kumi na moja, walipogonga kabari ya mwisho, gogo likafunguka kwa mlio mdogo, kama mtu anayeshusha pumzi.

Mzee Khalidi alikuwa amekaa kwenye kigoda. Alisimama.

Nusu mbili zilikuwa zimelala ubavu kwa ubavu, zikitazamana kama kurasa za kitabu. Kandokando kulikuwa na ukanda wa majivu, wa mti uliokufa. Katikati kulikuwa na kiini, kipana kuliko mkono wa Aneth kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole, rangi yake ikitoka kwenye zambarau kwenda kwenye kahawia mpaka weusi, yenye mistari iliyopinda na kurudi, ikipinda upande huu vilevile ilivyopinda upande wa pili. Na pale kwenye chuma, pande zote mbili, kulikuwa na wingu. Kutu ya chuma na maji ya mti vilikuwa vimechanganyika kwa miaka hiyo yote na kutoa rangi ya buluu inayokaribia weusi, ikitiririka na nyuzi za mti kwenda juu, ikififia kidogokidogo kama mvua inayonyesha mbali, ile unayoiona ukiwa Kongwa ikinyesha Mpwapwa.

Gerson, ambaye aliendesha treni miaka thelathini na hakuwa mtu wa kushangazwa na vitu, alivua kofia yake. Hakuna aliyemwambia aivue.

"Nimepasua miti tangu sijaota ndevu," Mzee Khalidi alisema. "Huu sijawahi kuuona."

Walipotoa ubao mmoja mpana kwenye uso wa kila nusu, Aneth alijua lazima mbao zikae karibu mwaka mzima kwenye kivuli kabla hajazigusa kwa randa. Alizipanga juu ya vijiti ili hewa ipite, akaweka mawe juu yake ili zisipinde, akarudi kwenye vitanda na milango yake. Lakini alikuwa na swali ambalo hakulipenda. Lile wingu la buluu na chuma chake, avikate au aviache? Kwa fundi, chuma ndani ya mbao ni kasoro. Kingeharibu randa, kingeweza kuvuta ufa. Angeweza kukata kipande chote, aunge mbao safi, na meza ingebaki nzuri.

Alimpigia Lameck. Hata alipokiona kule shimoni, Lameck hakujua chuma kile ni nini. "Nilikuwa mdogo," alisema. "Nitamuuliza dada Hilda."

Hilda alikuja mwenyewe. Alikuwa kifungua mimba, mama mwenye miaka karibu sitini, mnene kidogo, mtulivu, aliyekuwa na miaka kumi na tatu familia ilipohamishwa. Alisafiri kwa basi kutwa nzima, akaomba maji ya kunywa, akapelekwa kwenye mbao. Aneth aliondoa mawe akafunua gunia.

Hilda alizitazama kutoka ncha moja hadi nyingine. Kisha akaweka kidole kwenye chuma.

"Hiki ni mkia wa jembe," alisema. "Jembe lilichakaa, baba akakata mkia wake akaupigilia kwenye mkwaju. Mimi nilikuwa nashika ngazi."

"Kwa ajili gani, mama?" Aneth aliuliza.

"Kutundika kibuyu cha maziwa, ndama asifikie. Kilikuwa juu ya kichwa changu. Nilikuwa napanda jiwe kukifikia, kila asubuhi, kila jioni." Akainua mkono juu, akashika hewa, mkono ukaenda moja kwa moja mahali fulani bila kutafuta. "Hapa."

Mkono ulibaki juu kwa muda. Aneth alitazama mkono ule kisha akatazama chuma, ambacho sasa kilikuwa kimelala usawa wa kiuno chake, na kwa mara ya kwanza akaelewa. Mkia wa jembe ulipigiliwa nje ya mti. Mti ulikuwa umeendelea kuishi, ukanenepa, ukakifunika. Na ungeweza kufanya hivyo tu ukiwa bado hai, kabla ya maji kuuzamisha. Kwa hiyo Hilda alipoondoka, chuma kilikuwa kimeshaanza kuzama ndani ya shina.

"Ndiyo," Hilda alisema alipoulizwa. "Kilikuwa kinapungua. Mwaka wa mwisho kilibaki kidole kimoja tu nje, kibuyu kilikuwa kinaanguka. Baba alisema mti umekipenda." Akatabasamu kidogo. "Baada ya hapo sijui. Labda uliishi kidogo maji yakiwa miguuni. Mikwaju ni migumu."

Hakuna aliyezungumza tena juu ya kukata kipande kile.

Mwezi wa nne mwaka uliofuata, mbao zikiwa bado zinakauka, Lameck alimwalika Aneth Mtera. Mvua zilikuwa zimerudi na maji yamejaa. Walitoka na mtumbwi wa injini asubuhi, wakakata katikati ya bwawa, mahali ambapo kingo zote zilikuwa mbali na juu ya maji palikuwa na mwanga tu. Lameck akazima injini.

"Ni hapa," alisema.

Hapakuwa na kitu. Aneth alitazama kushoto na kulia akitafuta alama. Lameck alipima kwa milima: kile kilima kikae nyuma ya kile kijiti, na ile antena ikae juu ya lile jabali. Akaelekeza kwa kasia. "Zizi lilikuwa pale. Nyumba hapa. Kisima cha mchangani, ng'ambo kule. Kaburi la babu pale kwenye yale mawimbi madogo." Alikuwa akielekeza juu ya maji matupu kwa uhakika, kama mtu anayemwonyesha mgeni vyumba.

Aneth alichungulia. Maji yalikuwa ya kahawia, mkono wake ulipotea ulipozama mpaka kifundoni. Aliwaza kwamba chini ya mtumbwi ule kulikuwa na ua lililofagiliwa, na mti ulikuwa umesimama gizani miaka yote hiyo, umeshika jembe la mtu, wakati yeye anazaliwa, anasoma, anapika ugali Kizota, anajifunza patasi, anaolewa. Mti haukuwa ukimsubiri yeye wala mtu mwingine yeyote. Ulikuwa umesimama tu. Wazo lile lilimzidi ukubwa, ikabidi aketi kwenye sakafu ya mtumbwi na kushika kingo kwa mikono miwili.

"Unaogopa maji?" Lameck aliuliza.

"Hapana," alisema. "Ngoja kidogo."

Mwezi wa Septemba, mwaka mmoja kamili tangu lori lisimame getini, alianza meza. Alifanya kila kitu kwa mkono, si kwa kiburi, ila kwa sababu mashine ndogo ya randa ilichanja mistari ile iliyopinda na kuacha vidonda. Alinoa randa kila baada ya mapigo ishirini. Pindi ilipokaa sawa, mbao ilitoa utepe mwembamba wa zambarau, mrefu kama mkono, uliopenyeza mwanga ukiuinua juani. Alimaliza ubao wa kwanza, akageukia wa pili, na Oktoba ile yenye upepo mkavu, akasikia mlio kama tawi linalovunjika.

Ufa ulikuwa umeanzia kwenye chuma, ukatembea urefu wa shubiri mbili.

Aneth aliweka randa chini. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi ya nyumba. Gerson alimkuta hapo, akamletea chai, akakaa naye.

"Umeharibika?" aliuliza.

"Sijui. Kama utaendelea, umeharibika."

Alikwenda kwa Mzee Khalidi siku hiyohiyo. Mzee hakushtuka. Alisema mbao imesema ilichokuwa nacho, sasa imenyamaza, aiache wiki mbili aone. Aliiacha. Ufa haukuongezeka hata unywele. Ndipo alipochukua kipande cha mkwaju uleule, akachonga vibao vitatu vyenye kiuno katikati, vipana kwenye ncha, umbo la kipepeo aliyefungua mabawa, akachimba makazi yake kwa patasi kuvuka ufa, akavipigilia na gundi. Vilishika pande zote mbili za ufa kama mikono iliyoshikana. Chuma alikisawazisha kwa tupa mpaka kikawa sawa na uso wa meza, doa jeusi linalong'aa, ukubwa wa kucha ya kidole gumba.

Aliunga nusu mbili katikati, mistari ikakutana. Miguu minne ilitoka kwenye sehemu ya juu ya gogo, kwenye kile kidogo kilichokuwa kizima. Hakutumia msumari hata mmoja. Mwisho aliyeyusha nta ya nyuki wa Manyoni, akaichanganya na mafuta, akaipaka kwa kitambaa, akisugua kwa mviringo. Nta ilipoingia, lile wingu la buluu likafunguka, likawa na kina. Alisogeza uso karibu akahisi anachungulia ndani ya kitu.

Mzee Khalidi aliletwa kuiona. Alichuchumaa kwa shida, akaingiza kichwa chini ya meza, akapitisha kucha ya kidole gumba kwenye kila kiungo, kimoja baada ya kingine, vyote kumi na sita. Kisha akanyoosha mkono ainuliwe. Aneth alimwinua.

"Mimi nisingeweza," alisema mzee. Alilisema kama mtu anayetaja siku ya juma, na Aneth akalazimika kugeuka kupanga patasi zake ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Meza ilisafirishwa Jumamosi, imefungwa kwenye magodoro mawili. Ndugu wote watano walikuwa wamefika kwa Lameck na watoto wao, wengine kutoka Iringa na Morogoro. Haikuingia mlangoni, ikawekwa uani chini ya turubai. Magodoro yalipofunguliwa, watu walisogea na kusimama kuizunguka. Mmoja aliweka kiganja juu yake, kisha mwingine, mpaka mikono ikajaa meza nzima. Lameck mwenyewe alisimama nyuma kabisa, amekumbatia nguzo ya turubai.

Wakaanza kuleta chakula. Mke wa Lameck alisimama na sufuria ya ugali imetoka motoni, akiangalia pa kuiweka.

"Hapo itaunguza," alisema. "Leteni kitambaa, leteni hata ubao."

Hilda alimpokea sufuria, akaiweka mezani moja kwa moja, pu.

"Imekaa majini miaka arobaini," alisema. "Itaogopa ugali?"

Watu wakacheka, na wakaanza kula, samaki wa Mtera na mlenda, na Aneth akakalishwa katikati yao kama ndugu wa sita. Alipewa samaki mkubwa kuliko wote. Alikula kidogo sana. Alikuwa akitazama mikono ya watu ikipita juu ya mistari ile, ikimega, ikichovya, watoto wakimwaga mchuzi na kufutwa, na alishindwa kuamini kwamba kitu kile kilitoka kwenye mikono yake.

Jumatatu alikuwa Kizota, ana vitanda sita vya hosteli vya kumalizia. Gerson alikuwa ameshazipanga mbao za paini karibu na meza ya kazi. Aneth alichukua ubao mmoja, akaupima, akaweka kipimo chini, akaunusa.

"Hizi zimetoka wapi?" aliuliza.

"Dukani," Gerson alisema.

"Dukani walizitoa wapi?"

Gerson hakujua. Ilibidi apige simu, na mwenye duka naye akampigia mtu mwingine, wakapata jibu kabla ya saa sita. Zilitoka Mufindi, kwenye shamba la mjane mmoja aliyekata miti kusomesha watoto. Aneth alishukuru. Kila kitanda alipokimaliza, kabla ya kukipaka vanishi, alikigeuza na kuandika kwa penseli chini ya ubao wa kichwa, kwa herufi ndogo nadhifu: Mufindi.